Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Marekani na Warusi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukikaribia msimu wa mitihani, maswali ya Vita Baridi huja kwa mafungu. Mengine huja mwaka mzima, hasa Korea Kaskazini inapotajwa kwenye taarifa ya habari. Hapa nimekusanya yale yanayojirudia. Kuna jibu litakalochukua aya nne na kuna litakalochukua mstari mmoja.

Kwa jumla yalilipuliwa mabomu mangapi?

Zaidi ya 2,000. Hesabu inayotajwa sana ni 2,056: Marekani 1,030, Umoja wa Kisovieti 715, Ufaransa 210, Uingereza 45, China 45, Korea Kaskazini 6, India 3 na Pakistan 2. Ukikuta mahali pengine namba zimepishana kidogo usishangae. Mabomu mawili yakilipuliwa pamoja kwenye shimo moja, huyu anahesabu jaribio moja na yule anahesabu mawili. Zaidi ya 500 kati ya hayo yalilipuliwa hewani, wazi kabisa, na moshi wake ukasambaa dunia nzima. Hiroshima na Nagasaki hazimo kwenye hesabu hii, kwa sababu yale hayakuwa majaribio.

La kwanza lilikuwa lipi?

Lililipuliwa tarehe 16 Julai 1945, saa kumi na moja na dakika 29 alfajiri, katika jangwa la Jornada del Muerto, jimbo la New Mexico. Lilitundikwa juu ya mnara wa chuma wenye urefu wa mita 30, na nguvu yake ilikadiriwa kuwa sawa na tani 21,000 za baruti kali ya TNT, yaani kilotani 21. Mwanafizikia Enrico Fermi alikuwa umbali wa kilomita 16 hivi, mkononi ana vipande vya karatasi. Wimbi la mlipuko lilipomfikia akaviachia vidondoke. Vikasukumwa mita mbili na nusu, naye akapiga hesabu papo hapo akasema ni kama tani 10,000. Alipunguza nusu, ila kwa karatasi za kuchanachana si haba.

Jeshi liliwatangazia wananchi kwamba ghala la risasi limelipuka na hakuna aliyeumia. Wafugaji waliokaa makumi machache ya kilomita kutoka pale waliona majivu yakidondoka, kisha ng'ombe wao wakanyonyoka manyoya mgongoni. Manyoya yalipoota upya yaliota meupe. Hawakuambiwa kitu. Kwenye ramani za wakubwa eneo lile lilikuwa jangwa tupu, na hilo neno "tupu" litaturudia tena na tena huko mbele.

Ni kweli urani yake ilitoka Kongo?

Sehemu kubwa, ndiyo. Ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, huko Katanga ambako Kiswahili ndicho kinachosikika sokoni. Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Madini yake yalikuwa tajiri mno: mawe mengine zaidi ya nusu ya uzito wake yalikuwa oksidi ya urani, wakati migodi mingi duniani hufurahia hata sehemu moja katika mia. Mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alihofia Wajerumani wasije wakayachukua. Mwaka 1940 akasafirisha zaidi ya tani 1,000 za madini hayo hadi New York, yakakaa ghalani Staten Island ndani ya mapipa. Mwaka 1942 ofisa wa jeshi la Marekani alipomfuata kuulizia urani ya Kongo, aliambiwa mzigo uko pale pale mjini.

Waliochimba na kuyabeba yale mawe walikuwa vibarua Waafrika, na hakuna aliyewaeleza wanabeba nini. Mashimo yalizibwa kwa zege kabla ya uhuru wa 1960. Hilo halikuwazuia wachimbaji wadogo kurudi kutafuta kobalti, na serikali ikapiga marufuku uchimbaji pale mwaka 2004.

Bomu la Hiroshima nalo lilijaribiwa kwanza?

Hapana. Lilikuwa la urani, na utaratibu wake ni mwepesi: kipande kimoja cha urani kinafyatuliwa kama risasi kwenda kugonga kipande kingine. Wanasayansi waliliamini bila kulijaribu. Lililojaribiwa New Mexico ni la plutoniamu, madini yanayotengenezwa kutokana na urani, ndugu wa lile la Nagasaki, ambalo mpira wa plutoniamu unabanwa kutoka pande zote kwa sekunde ile ile moja. Upande mmoja ukichelewa hata kidogo mno, bomu linaharibika. Ndiyo maana lilihitaji kujaribiwa.

Warusi walilipata lini, na ni kweli waliiba?

Tarehe 29 Agosti 1949, kwenye nyika za Semipalatinsk, Kazakhstan. Na ndiyo, mchoro waliuiba. Klaus Fuchs, mwanafizikia Mjerumani aliyefanya kazi Los Alamos, maabara ya mabomu ya Marekani, akiwa katika kikosi cha Waingereza, aliwapelekea maelezo ya bomu la plutoniamu, na lile la Warusi lilifanana na la Nagasaki karibu kila kitu. Fuchs alihukumiwa miaka 14 jela mwaka 1950. Lakini mchoro peke yake haulipuki. Igor Kurchatov, mkuu wa mradi wao, na wenzake walilazimika kujenga vinu vya nyuklia, kutafuta urani na kutengeneza plutoniamu yao wenyewe, na yote hayo katika nchi iliyotoka vitani imebomoka.

Moscow haikutangaza. Siku chache baadaye ndege ya Marekani iliyokuwa ikiruka kati ya Japani na Alaska ilirudi na karatasi zake za kuchuja hewa zikiwa na mionzi. Tarehe 23 Septemba Rais Truman akawaambia Wamarekani kwamba Warusi nao wanalo. Kuanzia siku ile kila upande ulikuwa unanusa hewa ya mwenzake.

Kwa nini mamia? Si ukishajua linafanya kazi basi?

Kwa bomu moja ndiyo. Lakini hawakutaka bomu moja. Walitaka la kuingia kwenye kichwa cha kombora, la kubebwa na nyambizi, la kufyatuliwa kwa mzinga, na kila umbo jipya lilidai mlipuko wake. Walitaka pia kujua madhara. Kwenye jangwa la Nevada Wamarekani walijenga nyumba kamili zenye samani na midoli mikubwa iliyovalishwa nguo, ikaketi mezani kama familia inayokula. Mwaka 1957 waliwavisha nguruwe vitambaa vya sare za kijeshi waone ni kipi kinakinga ngozi zaidi. Semipalatinsk Warusi walijenga nyumba na daraja, wakapanga vifaru na ndege, wakafunga wanyama kwa umbali tofauti tofauti.

Mimi naona sababu nyingine ilikuwa nzito kama hizo: jaribio lilikuwa barua. Lilikuwa njia ya kumwambia mwenzako "nimeliona lako, tazama langu" bila kumgusa. Ukipanga tarehe za majaribio ya Washington na Moscow kwenye karatasi moja, utaona namna walivyokuwa wakijibizana.

Bomu la haidrojeni linatofautianaje na la atomiki?

La atomiki hupasua viini vizito. La haidrojeni huunganisha viini vyepesi, kama linavyofanya jua, na hutumia bomu la atomiki kama kiberiti chake. La kwanza la Marekani, Mike, lililipuliwa Enewetak, katika visiwa vya Marshall huko Pasifiki, tarehe 1 Novemba 1952 kwa nguvu ya megatani 10.4. Megatani moja ni tani milioni moja za TNT. Mike halikuwa silaha hasa, kwa sababu lilikuwa na ukubwa wa jengo na halibebeki. Kisiwa kilichokuwa chini yake kiliitwa Elugelab. Nasema kiliitwa kwa sababu hakipo tena. Palibaki shimo baharini lenye upana wa karibu kilomita mbili. Agosti 1953 Warusi wakajibu na la kwao lenye kilotani 400, kazi ya kundi alimokuwamo Andrei Sakharov kijana, yule yule ambaye baadaye aligeuka kuwa mpinzani mkuu wa silaha hizo.

Castle Bravo ni nini na kwa nini inatajwa sana?

Kwa sababu ndiyo siku walipokosea hesabu. Tarehe 1 Machi 1954, kwenye kisiwa cha Bikini, huko huko Marshall, Wamarekani walitarajia megatani 6 hivi. Ndani ya bomu kulikuwa na lithiamu ya aina mbili, na moja waliidhania kuwa haitashiriki. Ilishiriki. Bomu likatoa megatani 15, na hakuna jaribio jingine la Marekani lililofikia hapo.

Mlipuko ulisaga matumbawe ya kisiwa yakawa unga, ukayapandisha angani, na upepo ukayapeleka mashariki. Rongelap, kisiwa kilicho zaidi ya kilomita 150 kutoka hapo, kilikuwa na watu. Kwanza waliona kama jua linachomoza magharibi. Saa chache baadaye ukaanza kudondoka unga mweupe, ukatua kwenye makuti ya nyumba, kwenye maji ya kunywa, kwenye vichwa vilivyopakwa mafuta ya nazi. Watoto hawakuwahi kuona theluji, waliucheza, wakajipaka. Kufikia usiku walikuwa wanatapika na ngozi inawasha moto. Baadaye nywele zikaanza kung'oka. Meli ya kuwachukua ilifika siku ya tatu. Mwaka 1957 walirudishwa wakiambiwa ni salama, na madaktari wa Marekani wakawa wanakuja kila mwaka kuwapima, huku uvimbe na saratani za tezi ya shingo zikiwajitokeza mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1985 waliomba wenyewe kuondoka, na meli ya wanaharakati iitwayo Rainbow Warrior ikawahamisha. Mwezi Julai mwaka huo huo majasusi wa Ufaransa waliizamisha meli hiyo bandarini Auckland, lakini hiyo ni hadithi ya majaribio mengine.

Siku ile ya Bravo mashua ya Kijapani ya kuvua jodari, Daigo Fukuryu Maru, ilikuwa nje ya eneo lililokatazwa. Mabaharia wake 23 walivuta kamba zao za ndoano huku unga ukiwadondokea. Mwendesha redio wao, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba mwaka huo. Wajapani waliuita unga ule majivu ya kifo, na kufikia 1955 saini za kupinga mabomu ya nyuklia zilizokusanywa nchini mwao zilikuwa zimepita milioni 30.

Bomu kubwa kuliko yote lilikuwa la nani?

Swali pendwa la vijiweni. La Warusi, tarehe 30 Oktoba 1961, juu ya visiwa vya Novaya Zemlya katika Bahari ya Aktiki. Megatani 50, zaidi ya mara 3,000 ya lile la Hiroshima. Lilikuwa na uzito wa tani 27 na urefu wa mita 8, halikuingia ndani ya ndege, kwa hiyo milango ya tumbo la Tu-95 iling'olewa na bomu likaning'inia nusu nje. Ndege ilipakwa rangi nyeupe ili iakisi joto. Rubani Andrei Durnovtsev aliliachia na parachuti kubwa, likashuka taratibu kwa dakika tatu hivi ili apate muda wa kukimbia. Hata hivyo wimbi la mlipuko lilimfikia, ndege ikaporomoka karibu kilomita moja kabla hajaishika tena. Madirisha yalivunjika hadi Norwe, na wimbi la hewa lilizunguka dunia mara tatu.

Mchoro wa asili ulikuwa wa megatani 100. Walilipunguza kwa kuweka risasi ya madini mahali pa urani, vinginevyo mionzi ingewarudia wenyewe, na ndege isingepona. Jeshini halikuwahi kuingia. Lilikuwa kubwa mno kwa kazi yoyote ile, isipokuwa ile ya barua niliyoisema.

Kwa nini walichagua sehemu zile? Si kulikuwa hakuna watu?

Hili ndilo swali ninalolisubiri kila mara. Kulikuwa na watu kila mahali.

Bikini walikuwa 167. Nyika za Semipalatinsk, eneo la kilomita za mraba 18,000, zilizungukwa na vijiji vya Wakazakh wafugaji wa kondoo na farasi. Jaribio lile la kwanza la 1949 lilipeleka wingu moja kwa moja hadi kijiji cha Dolon. Novaya Zemlya kulikuwa na Wanenets, wawindaji, wakahamishwa. Uwanja wa Nevada uko kwenye ardhi ambayo Washoshone, wenyeji wa asili wa pale, wanasema hawajawahi kuiuza, na mkataba wa 1863 wanao. Waingereza walipokwenda Maralinga, Australia, waliwakuta Waaborijini. Kila mahali palitangazwa patupu, na kila mahali mtu wa kwanza kupigwa na majivu alikuwa ameamkia nyumbani kwake.

Methali ya fahali wawili na nyasi mnaijua. Hapa haitoshi, maana fahali wenyewe hawakupigana hata siku moja. Nyasi ziliumia kwa mazoezi tu.

Wamarekani weupe nao hawakusalimika. Nevada palifanywa majaribio 928 kuanzia Januari 1951, kama kilomita 100 tu kutoka Las Vegas. Mahoteli yalifanya biashara: wageni walikesha wakinywa hadi alfajiri waone wingu, na mwaka 1957 mnenguaji mmoja alipigwa picha amevaa wingu la pamba kama malkia wa bomu la atomiki. Kanuni ya wenyewe ilikuwa kulipua upepo ukivuma kuelekea mashariki, mbali na Los Angeles. Mashariki kulikuwa na miji midogo ya Utah kama St. George. Masika ya 1953 maelfu ya kondoo walikufa huko. Tume ya nishati ya atomiki ilisema ni lishe duni. Sheria ya kuwalipa fidia wagonjwa ilipatikana mwaka 1990, na wale wafugaji wa New Mexico wa mwaka 1945 waliachwa nje yake. Familia zao ziliingizwa mwaka 2025.

Ni kweli walitumia askari wao wenyewe?

Ndiyo, pande zote mbili. Nevada askari walikaa kwenye mahandaki kilomita chache kutoka kwenye mlipuko, kisha wakaamriwa kusonga mbele. Warusi, tarehe 14 Septemba 1954 huko Totskoye, chini ya Jemadari Zhukov, walipitisha askari wapatao 45,000 kwenye zoezi lililokuwa na bomu halisi. Walifungwa midomo kwa kiapo.

Afrika nako palijaribiwa mabomu?

Na Ufaransa, siyo madola makubwa mawili. Tarehe 13 Februari 1960 Wafaransa walilipua bomu la kilotani 70 huko Reggane, katika Sahara ya Algeria, wakalipa jina la panya mdogo wa jangwani. Kwa jumla walifanya majaribio 17 huko, manne hewani na 13 ndani ya mlima wa In Ekker. Mahali petu tena pakaitwa patupu, ilhali palikuwa na Watuareg.

Afrika haikunyamaza. Kwame Nkrumah alizuia mali za Wafaransa nchini Ghana na kuwapokea Accra wanaharakati waliojaribu kwenda Reggane kwa magari kulizuia bomu. Nigeria, ikiwa na miezi mitatu ya uhuru, ilimfukuza balozi wa Ufaransa Januari 1961. Tarehe 1 Mei 1962 mlima wenyewe ulishindwa kulizuia bomu, moshi ukatoka pembeni, na mawaziri wawili wa Ufaransa waliokuja kutazama wakatimua mbio pamoja na walinzi wao. Mmoja wao, Gaston Palewski, alikufa kwa saratani ya damu na aliamini aliipata pale. Mwaka 1966 wakahamia Polinesia, visiwa vyao vya Pasifiki.

Niliambiwa walilipua hata angani juu kabisa. Kweli?

Kweli. Tarehe 9 Julai 1962 Wamarekani walilipua megatani 1.4 kwenye urefu wa kilomita 400 juu ya Pasifiki. Mamia ya taa za barabarani Hawaii, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka hapo, zilizimika, na setilaiti kadhaa zikaharibika, mojawapo ikiwa ya kwanza ya Uingereza. Mwaka huo wa 1962 ulivunja rekodi: majaribio 178, karibu moja kila siku mbili. Hata ile wiki ya mgogoro wa makombora ya Cuba, dunia ikiwa imeshika roho mkononi, wote wawili waliendelea kulipua angani kwa ratiba yao ya kawaida.

Nini kiliwasimamisha mwaka 1963?

Cuba iliwatisha. Lakini sitaki kuwapa viongozi sifa zote, kwa sababu kulikuwa pia na meno.

Baadhi ya vumbi la mabomu ni strontiamu-90, ambayo mwili huidhania kalisi. Inadondoka kwenye majani, ng'ombe anakula, maziwa yananywewa na mtoto, nayo inakaa kwenye mifupa na meno yake. Kuanzia 1958 daktari Louise Reiss na wenzake mjini St. Louis waliwaomba wazazi wawapelekee meno ya utoto yaliyong'oka. Mtoto alirudishiwa kibandiko cha kujivunia kifuani. Walikusanya meno yapatayo 320,000, wakaona strontiamu ikipanda kwa kadiri ya majaribio. Mama anaweza asielewe megatani, lakini jino la mwanawe analielewa.

Tarehe 5 Agosti 1963 Marekani, Umoja wa Kisovieti na Uingereza walitia saini Moscow mkataba wa kukataza majaribio hewani, majini na anga za juu. Chini ya ardhi waliruhusiana. Ufaransa na China walikataa, na jaribio la mwisho la hewani lilikuwa la China, tarehe 16 Oktoba 1980.

Je, mabaki hayo yamo mwilini mwangu?

Yamo. Mabomu ya hewani karibu yaongeze maradufu kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, iliyoko hewani kufikia miaka ya 1960, kisha ikawa inashuka polepole. Kila kilicho hai kimebeba alama ya mwaka wake. Si kiasi cha kukudhuru, na wanasayansi wameigeuza kuwa saa. Wanaitumia kwenye pembe za ndovu: ukipima kaboni hiyo kwenye kitako cha pembe iliyokamatwa bandarini, unajua tembo aliuawa mwaka gani. Mfanyabiashara akidai ni pembe ya zamani, ya enzi za babu, pembe yenyewe inamkana. Shehena nyingi zilizopimwa zilionekana kuwa za tembo waliouawa miaka michache tu kabla ya kukamatwa.

Majaribio ya chini ya ardhi yalikuwa salama?

Salama zaidi, si salama. Unachimba shimo la mamia ya mita, unashusha bomu na nyaya zake, unafukia kwa mchanga na kokoto. Likilipuka linayeyusha mwamba na kuacha pango, kisha paa la pango linaporomoka na juu panabaki bonde la mviringo. Ukiiona Nevada kutoka angani, ni kama uso ulioachwa na ndui. Mara nyingine ardhi ilipasuka na gesi ikatoka.

Ndivyo ilivyokuwa Semipalatinsk Februari 1989. Mshairi Olzhas Suleimenov alialikwa kwenye televisheni ya Kazakhstan kusoma mashairi. Alipokaa mbele ya kamera hakusoma mashairi. Alisoma tamko kuhusu mionzi iliyovuja, akawaita watu wakutane. Maelfu wakafika. Vuguvugu lao waliliita Nevada-Semipalatinsk, kwa kuwa waliona Washoshone na watu wa Utah ni wenzao wa shida moja. Wachimba makaa wa Karaganda wakatishia kugoma. Baada ya majaribio 456, uwanja ukafungwa rasmi tarehe 29 Agosti 1991, miaka 42 kamili tangu lile la kwanza, na tarehe hiyo sasa ndiyo siku ya Umoja wa Mataifa ya kupinga majaribio ya nyuklia. Warusi walikuwa wamelipua lao la mwisho Oktoba 1990. Marekani la mwisho ni la 23 Septemba 1992.

Afrika Mashariki na Kongo tunahusikaje leo?

Kuliko watu wanavyodhani. Mkataba wa kukataza majaribio yote ulifunguliwa kutiwa saini tarehe 24 Septemba 1996, na una mtandao wa vituo vya kusikiliza dunia. Kilimambogo, Kenya, kuna mitambo ya kupima mitetemo ya ardhi. Nairobi kuna masikio ya sauti nzito ambazo sikio la mtu halizisikii. Mbarara, Uganda, kuna kituo kingine cha mitetemo. Dar es Salaam kuna kituo kinachofyonza hewa kupitia kichujio kwa saa 24, kichujio kinaachwa kitulie saa nyingine 24, kisha kinapimwa mionzi. Ni ile ile kazi ya karatasi za 1949, ila sasa majibu yanagawiwa nchi zote zilizotia saini.

Tetemeko na bomu hutofautishwa kwa namna ardhi inavyosukumwa. Bomu husukuma nje pande zote kwa mpigo, tetemeko huteleza. Korea Kaskazini ilipolipua lake la Septemba 2017, vituo duniani kote viliujua mlipuko huo ndani ya dakika chache.

Mkataba huo haujaanza kufanya kazi kisheria, kwa sababu nchi 44 zilizokuwa na vinu vya nyuklia lazima ziuridhie zote. Kongo imo kwenye hizo 44, kutokana na kinu cha utafiti cha Kinshasa kilichowashwa 1959, na imesharidhia tangu 2004. Marekani na China zilitia saini bila kuridhia. Urusi iliridhia, kisha ikajitoa katika kuridhia huko Novemba 2023. Na mkataba wetu wa Pelindaba, unaokataza silaha hizo Afrika nzima, ulianza kazi tarehe 15 Julai 2009 baada ya Burundi kuwa nchi ya 28 kuuridhia.

Yanaweza kurudi?

Uwanja wa Nevada umehifadhiwa, na wa Novaya Zemlya pia. Oktoba 2025 Rais Trump alisema ameagiza majaribio yaanze tena kwa kulingana na wengine. Siku chache baadaye waziri wake wa nishati akafafanua kuwa ni vipimo visivyo na mlipuko wa nyuklia. Moscow ikajibu kwamba Marekani ikilipua, nao watalipua. Barua zimeanza kuandikwa upya, ila hazijatumwa.

Watu wa Bikini walisharudi kwao?

Bado. Siku moja ya Jumapili, Februari 1946, ofisa wa jeshi la majini Ben Wyatt aliwakuta wametoka kanisani akawaomba wakiazime kisiwa kwa faida ya wanadamu wote. Walikubali. Mwezi uliofuata, kabla ya kuondoka, walirudishwa kuigiza tukio hilo mbele ya kamera mara kadhaa mpaka picha ikapendeza. Walipelekwa Rongerik wakakaribia kufa kwa njaa, kisha kisiwa cha Kili kisicho na ziwa la ndani la kuvulia. Miaka ya 1970 baadhi yao waliruhusiwa kurudi. Minazi ilikuwa imepandwa upya, imezaa vizuri. Lakini mnazi hunyonya sesiamu yenye mionzi kutoka mchangani ukiidhania potasiamu, na kwa watu ambao dafu, tui na mafuta ndiyo maisha yao, miili ilijaa sesiamu. Mwaka 1978 wakaondolewa tena. Wanaokwenda Bikini sasa ni walinzi wachache, na wapiga mbizi wa kitalii wanaoshuka kuitazama manowari ya Saratoga iliyozamishwa na jaribio la Julai 1946.